Kufunga mkia wa ndege kubwa ya rimoti: kwa nini sevo yenye nguvu haitoshi

Anayejenga ndege kubwa ya rimoti kwa mara ya kwanza huanza na swali la sevo, ile mota ndogo inayogeuza usukani: ninunue ya kilo ngapi? Swali ni halali, na wauzaji wanalipenda kwa sababu jibu lake huwa ghali. Lakini mkia wa ndege ya mita tatu na nusu mara nyingi huharibika sevo ikiwa bado nzima. Kati ya sevo na usukani kuna mfululizo wa vitu vidogo, na kila kimoja kimeachwa kilegee kidogo: tundu lililopanuka, bawaba iliyokaa upande, ufito wa kusukumia usukani ulio mwembamba kupita kiasi, pembe (kipande kinachosimama kwenye usukani ili ufito upate pa kushika) iliyofungwa milimita tatu nyuma ya mahali pake. Nguvu ya sevo haitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Tuchukue ndege moja halisi ili maelezo yawe na pa kushika. Piper PA-18 Super Cub ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1949, na nchini Kenya inajulikana vizuri kwa sababu imetumika miaka mingi kwenye doria za wanyamapori, hasa upande wa Tsavo. Ndege yenyewe ina mabawa ya mita 10.7 kutoka ncha hadi ncha na urefu wa karibu mita 6.9. Ukiijenga kwa theluthi ya ukubwa wake, unapata mabawa ya karibu mita 3.6 na bodi ya mita 2.3. Hapo umeshavuka mpaka kwa mbali: IMAA, chama cha wapenzi wa ndege kubwa za mfano, huhesabu kuwa kubwa ndege yoyote yenye safu moja ya mabawa kuanzia inchi 80, yaani mita 2.03, kutoka ncha hadi ncha.

Ukubwa ndio unaobadilisha hesabu. Kuza ndege mara mbili, eneo la usukani linakuwa mara nne. Na kwa kuwa sasa upepo unausukuma usukani huo mbali zaidi na bawaba zake, nguvu inayotaka kuurudisha inakuwa mara nane, mwendo ukiwa uleule. Ukiongeza na mwendo mara mbili, zidisha tena kwa nne. Kwa hiyo mbinu zinazotosha kwenye ndege ya povu ya mita moja, yaani waya mwembamba, pembe ya plastiki na tone la gundi, huwezi kuzihamishia kwenye ndege kubwa kwa kununua tu vifaa vinene vya aina ileile.

Vilivyomo mkiani

Mkia wa Super Cub una pezi lililosimama wima na bawa la mkia lililolala kushoto na kulia. Nyuma ya pezi kuna usukani, unaogeuza pua ya ndege upande huu au ule. Nyuma ya bawa la mkia kuna eleveta mbili, zinazoinua na kushusha pua. Kwenye ndege halisi bawa la mkia nalo husogea kidogo: rubani huzungusha kishikio akiwa ameketi kitini, na skrubu ndefu iliyo nyuma hupandisha au kushusha ukingo wa mbele wa bawa hilo ili ndege itulie bila kushikiliwa. Kuna mafundi wanaolijenga hata hilo kwenye mfano. Linapendeza, lakini faida yake angani ni ndogo na linaongeza kitu kimoja zaidi cha kulegea.

Kuna pia nyaya za chuma zinazokaza mkia, kutoka pezi hadi bawa la mkia na kutoka bawa hilo hadi chini ya bodi. Wengi huzidhania pambo la kuufanya mfano ufanane na ndege halisi. Kwenye michoro mingi ya ndege za aina hii zinabeba mzigo kweli: bawa la mkia limejengwa jembamba na jepesi kwa kutegemea kwamba nyaya zitalishika. Soma maelekezo ya mchoro wako. Yakisema nyaya ni za kazi, basi mtu anayeziacha nyumbani kwa kuona uvivu wa kuzifunga uwanjani anarusha ndege ambayo haijaisha kujengwa.

Bawaba kwanza

Kabla ya kugusa sevo, malizana na bawaba. Usukani wa ukubwa huu hushikwa na bawaba tatu au nne, na kila eleveta vivyo hivyo. Sharti ni kwamba pini zote zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Moja ikikaa milimita moja nje ya mstari, usukani bado utageuka, ila kila unapogeuka unazipinda bawaba nyingine, na sevo inapambana na mbao badala ya kupambana na upepo. Chora mstari wa katikati pande zote mbili kabla ya kutoboa. Toboa kwa keekee ndogo ukitumia kibao cha kuongozea ili tundu lisiende mshazari. Kisha pachika bawaba kavu, bila gundi, na geuza usukani hadi mwisho kila upande. Ukilaza bodi ubavu, usukani unapaswa kuanguka wenyewe kwa uzito wake. Ukikwama mahali, tafuta sababu kabla hujafungua gundi.

Gundi iwe epoksi ya dakika 30. Ile ya dakika 5 itaganda mkononi huku bado unanyoosha bawaba ya tatu. Paka mafuta ya mgando kidogo kwenye pini, kwa ncha ya kijiti, ili epoksi isiingie pale panapozunguka. Gundi yenyewe itie ndani ya tundu, sio juu ya bawaba, maana ukipaka bawaba mdomo wa tundu utaikwangua yote ikabaki nje na kujikusanya hasa pale usipoitaka. Baada ya kukauka, mafundi waangalifu hutoboa tundu jembamba kupitia ubao hadi kwenye mguu wa bawaba na kupitisha kijiti cha meno kilichopakwa gundi. Gundi ikija kushindwa miaka mitatu baadaye, kijiti bado kitaishika bawaba.

Mwanya kati ya pezi na usukani, au kati ya bawa la mkia na eleveta, uwe mdogo: milimita moja inatosha ikiwa ukingo umechongwa kwa mshazari wa kuruhusu mzunguko. Mwanya mpana huvujisha hewa kutoka upande wenye mgandamizo mkubwa kwenda upande wenye mdogo, na eleveta inapoteza nguvu. Mbaya zaidi ni mianya isiyolingana, mpana kushoto na mwembamba kulia, maana hapo ndege hujipinda kila unapovuta eleveta, nawe utabaki kulaumu mabawa. Utepe mwembamba wa plastiki unaopita juu ya mwanya, ukibandikwa usukani ukiwa umegeuzwa hadi mwisho ili usije ukavuta, unamaliza tatizo.

Pembe, na milimita tatu zinazosumbua

Pembe ni kile kipande kinachosimama kwenye usukani au eleveta ili kebo au ufito uwe na mahali pa kushika. Mbao ya balsa ni laini mno kuibeba. Ndani ya eleveta, mahali pembe itakapokaa, kunapaswa kuwa na kipande cha mbao ngumu au plaiwudi kilichopachikwa kabla ya kufunika mkia kwa kitambaa. Ukiwa umeshafunika na hukukiweka, tumia skrubu zinazopenya hadi upande wa pili na kukazwa kwenye bamba, na uimarishe balsa kwa supa glu nyepesi inayonywewa na mbao.

Sasa mahali pa tundu la pembe. Ukiiangalia kutoka ubavuni, katikati ya tundu panapaswa kuwa juu kabisa ya mstari wa bawaba, wala si mbele wala si nyuma yake. Kwa usukani unaovutwa na kebo mbili, moja kila upande, sharti hili ni kali kuliko linavyoonekana. Tuseme matundu ya pembe zote mbili yako milimita 3 nyuma ya mstari wa bawaba. Usukani ukiwa katikati, kebo zote zimekaza vizuri. Ugeuze digrii 30, na matundu yote mawili yanasogea kwenye duara ambalo halikuanzia pale ulipodhani: upande unaovutwa unakwenda mbele zaidi kidogo ya upande unaoachiwa unavyorudi nyuma. Jumla yake ni karibu milimita 0.8 za kebo isiyokuwa na kazi. Kebo iliyoachiwa inalegea, na usukani unaweza kucheza ndani ya ulegevu huo, tena ukiwa umegeuzwa, wakati ambapo upepo unausukuma kwa nguvu kubwa zaidi. Matundu yakiwa mbele ya mstari, mambo yanageuka: kebo zote mbili zinakaza kadiri usukani unavyogeuka, na mzigo unaishia kwenye fani (beringi) za sevo.

Wakati mwingine umbo la ndege halikuruhusu kuweka tundu mahali pake. Dawa iko upande wa pili wa kebo: matundu ya mkono wa sevo, yaani kipande kinachozungushwa na sevo, nayo yasogezwe kwa kiasi kilekile kuelekea upande uleule. Pembe ikiwa milimita 3 nyuma ya bawaba, matundu ya mkono yawe milimita 3 nyuma ya kitovu cha sevo, upande wa mkia. Makosa mawili yaliyolingana yanafutana. Kuna mikono ya sevo inayouzwa ikiwa tayari imepinda hivyo, na mnunuzi asiyejua sababu huifunga kinyume, akaongeza mara mbili tatizo alilolipia liondoke.

Kebo au ufito?

Ndege halisi ya Super Cub huendesha mkia wake kwa kebo za chuma, na kwenye mfano usukani nao unapendeza kuendeshwa hivyo, sevo ikikaa karibu na katikati ya ndege. Sababu ya kwanza ni uzito. Super Cub ina pua fupi na mkia mrefu, na kila gramu ya mkiani inalipwa kwa gramu zaidi ya moja puani. Sevo mbili za gramu 70, jumla 140, zikikaa mita 1.3 nyuma ya kitovu cha uzito, zitahitaji risasi ya karibu gramu 300 ikiwa nafasi ya kuiweka ni sentimita 60 mbele ya kitovu hicho. Ndege inakuwa nzito kwa gramu 440, na ulichoongeza cha kazi ni 140 tu.

Sababu ya pili ni kwamba kebo haisukumi, inavuta tu. Ufito unaosukumwa hutaka kupinda katikati, na uwezo wake wa kukataa kupinda hushuka kwa mraba wa urefu: ufito wa urefu mara mbili unapinda kwa robo ya nguvu. Waya wa chuma wa milimita 2 unaofanya kazi safi ukiwa na sentimita 15 ni kama tambi ukiwa na mita moja. Ukilazimika kutumia ufito mrefu, uwe bomba la nyuzi za kaboni, na upitie kwenye vishikizo kila baada ya sentimita 30 hivi.

Kwa eleveta hali ni tofauti. Wengi wenye ndege za ukubwa huu huweka sevo mbili mkiani, kila eleveta na yake, zikiunganishwa kwa ufito mfupi, na hukubali kulipa uzito. Binafsi naona malipo hayo ni ya haki. Usukani ukifa angani, Super Cub bado itarudi nyumbani kwa kutumia mabawa. Eleveta ikifa, mchezo umekwisha. Kukiwa na sevo mbili, moja ikifa pale katikati, iliyobaki kwa kawaida inatosha kuileta ndege chini, ingawa kwa jasho.

Kebo zenyewe ni nyuzi za chuma zilizosokotwa, mara nyingi zikiwa na ngozi ya nailoni. Mwisho wa kebo hupitishwa kwenye kibomba kidogo cha shaba, huingia kwenye jicho la skrubu ya kukazia, hurudi kwenye kibomba, kisha ncha inakunjwa na kupitishwa kwa mara ya tatu kabla ya kubanwa kwa plaizi. Huo mzunguko wa tatu ndio unaozuia kebo kuteleza; waliopitisha mara mbili tu huishia na kebo inayorefuka kidogo kidogo kila wiki. Ukiwa na ngozi ya nailoni, iondoe pale panapobanwa, maana shaba hubana nailoni na nailoni huteleza juu ya chuma. Kebo zikipishana ndani ya bodi, kila moja ikatokea upande mwingine, kwa kawaida hutoka zikiwa zimelala sambamba na ubavu bila kukwaruza tundu, ila hakikisha pale zinapopishana hazigusani.

Mkazo uwe wa kuondoa ulegevu, basi. Kebo inayolia kama gitaa ukiigusa inazivuta fani za sevo saa zote, hata ndege ikiwa imesimama, na inakula betri. Kumbuka pia joto. Kebo ya chuma ya mita 1.5 hurefuka kama milimita 0.36 joto likipanda digrii 20, na mbao ya bodi hurefuka chini sana ya hapo, kwa hiyo mkazo ulioupima chumbani jioni hautakuwa mkazo wa saa saba mchana uwanjani. Pima palepale utakaporushia.

Mkono wa sevo: hapa ndipo nguvu ya bure ilipo

Turudi kwenye swali la kilo. Sevo inayoitwa ya kilo 20 ina uwezo wa kuvuta kilo 20 ikiwa mkono wake una urefu wa sentimita 1. Ukiweka mkono wa sentimita 2, inavuta kilo 10. Kilo hizo 10 zikifika kwenye pembe ya sentimita 4, zinazalisha nguvu ya kugeuza ya kilo 40 kwa umbali wa sentimita 1 kutoka mstari wa bawaba. Sevo ikigeuka digrii 45, eleveta inageuka karibu 21, ambazo kwa Super Cub zinatosha.

Sasa mtazame aliyeweka mkono wa sentimita 4 kwa sababu ulikuja kwenye pakiti na unaonekana imara. Eleveta sasa inageuka digrii 45, nyingi kupita kiasi, kwa hiyo anaingia kwenye rimoti na kupunguza mwendo wa sevo hadi chini ya nusu. Tatizo limeonekana kuisha. Ila sevo yake sasa inazalisha kilo 20 pale ambapo ya mwenzake inazalisha 40, na hatua ndogo ndogo ambazo sevo inaweza kusimama nazo zimepungua kwa nusu. Amenunua sevo ya kilo 20 akaitumia kama ya 10. Kanuni wanayoifuata wajenzi wazoefu ni hii: rimoti iachwe impe sevo mwendo wake wote au karibu wote, na kiasi cha kugeuka kipangwe kwa urefu wa mkono na urefu wa pembe. Usukani unaohitaji kugeuka zaidi, tuseme digrii 30, utapewa mkono wa sentimita 2.8 kwa pembe ya sentimita 4.

Urefu wa pembe una zawadi nyingine. Tuseme jumla ya ulegevu kwenye viungio ni nusu milimita, na eleveta ina upana wa sentimita 10 kutoka bawaba hadi ukingo wa nyuma. Kwa pembe ya sentimita 2, ukingo wa nyuma unacheza milimita 2.5. Kwa pembe ya sentimita 4, unacheza milimita 1.25. Hujabadilisha kiungio hata kimoja. Lakini pia badilisha viungio: klevisi (vibanio vyenye pini mwishoni mwa ufito) za plastiki ziachie ndege ndogo, na mkiani tumia jointi za gololi zilizofungwa kwa bolti inayopita na nati yenye nailoni ndani. Bolti inayoingia kwenye chuma bila nati hiyo ipakwe gundi ya kuzuia kulegea, kwa sababu injini ya petroli hutikisa kila kitu.

Kuweka mkono katikati

Washa rimoti na risiva (kipokezi cha ishara kilicho ndani ya ndege) kabla ya kufunga mkono, triimu zote, yaani marekebisho madogo ya rimoti, zikiwa sifuri, ili sevo isimame mahali pake pa kati, kwa kawaida kwenye mapigo ya mikrosekunde 1,500 hivi. Ndipo ufunge mkono ukiwa pembe mraba na ufito, au pembe mraba na mstari wa kebo. Mara nyingi hautakaa sawasawa, kwa kuwa mhimili wa sevo una meno na mkono unaweza kukaa kwenye jino moja au linalofuata tu. Kati ya watengenezaji wa sevo, Futaba imezoea meno 25, Hitec imetumia 24 kwenye sevo zake nyingi, na JR 23. Mikono yao haiingiliani, wala usilazimishe. Kwenye meno 25 kila jino ni digrii 14.4. Hapa kuna ujanja ambao wengi hawaujui: ukiwa na mkono wenye ncha mbili zinazotazamana, ugeuze nyuma mbele. Kwa kuwa 25 haigawanyiki kwa mbili, ncha ya pili hukaa nusu jino tofauti na ya kwanza, digrii 7.2, na mara nyingi hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Kwenye meno 24 ujanja huu haufui dafu.

Kinachobaki, digrii mbili tatu, kirekebishe kwa marekebisho ya kati ya rimoti. Yakifika makubwa, ondoa mkono uanze upya: sevo iliyosogezwa sana kutoka katikati itafika mwisho wa mwendo wake upande mmoja kabla ya mwingine.

Sevo mbili za eleveta huleta kitendawili chake. Zimefungwa kama zinatazamana kwenye kioo, moja kila ubavu, kwa hiyo ishara ileile inaipandisha eleveta moja na kuishusha nyingine. Moja lazima igeuzwe mwelekeo. Kebo ya matawi mawili ya kawaida haiwezi kufanya hivyo. Ama upe kila sevo chaneli yake na kuziunganisha ndani ya rimoti, ama utumie sevo inayoweza kupangwa mwelekeo kwa kifaa chake. Njia ya chaneli mbili ni bora, kwa sababu inakuruhusu pia kulinganisha mwendo. Weka rula kwenye ukingo wa nyuma wa kila eleveta na upime katikati, nusu ya juu, juu kabisa, nusu ya chini, chini kabisa. Ukipima miisho tu, unaweza kupata eleveta zinazolingana mwisho na kupishana njiani, na ndege itajipinda kidogo kila unapoanza kuvuta.

Umeme nao una urefu

Sehemu hii huonekana ndogo, na huangusha ndege. Kutoka risiva hadi mkiani kuna mita 1.5, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 3. Waya mwembamba wa kawaida wa sevo, wenye shaba ya milimita za mraba 0.13, una ukinzani wa karibu omu 0.4 kwa urefu huo. Sevo kubwa ikivuta ampea 3, inapoteza volti 1.2 njiani: betri inasema 7.4, sevo inapata 6.2, na nguvu uliyoilipia imebaki kwenye waya kama joto. Waya wa milimita za mraba 0.33 unapoteza karibu nusu volti. Tofauti ya bei ni ya kahawa. Na kila plagi ya katikati ifungwe kwa klipu au uzi, maana plagi inayochomoka mkiani haionekani mpaka ndege iwe angani.

Mtikisiko

Yote haya, bawaba, pembe, ulegevu, urefu wa mkono, yanakutana kwenye jambo moja ambalo wenye ndege kubwa huliogopa kuliko injini kuzima. Eleveta au usukani ni kipande chenye uzito nyuma ya bawaba. Upepo ukikisukuma, kinapinda kidogo mfumo unaokishika. Mfumo unakirudisha, uzito wake unakipitisha kati, upepo unakisukuma upande wa pili. Kwenye mwendo mdogo mchezo huo hufa wenyewe. Ukivuka mwendo fulani, kila mzunguko unachukua nguvu nyingi zaidi kutoka kwa hewa kuliko unavyopoteza, na ndani ya sekunde eleveta inapapatika haraka kiasi kwamba unasikia mngurumo kabla ya kuona chochote. Sevo haiwezi kuuzuia, kwa sababu harakati inatokea ndani ya ulegevu ambao sevo haina habari nao, au ndani ya ufito unaopinda. Kinachosaidia ni mfumo mgumu usiocheza, mianya iliyozibwa, mkia mwepesi usio na rangi nzito ya kupaka, na kwenye baadhi ya ndege uzito mdogo uliowekwa mbele ya mstari wa bawaba ili kusawazisha ulio nyuma.

Ukiusikia mngurumo huo, ondoa gesi mara moja na uinue pua polepole ili mwendo ufe. Usivute kwa nguvu. Kisha tua, na usiruke tena siku hiyo hata kama kila kitu kinaonekana kizima: meno ya sevo yanaweza kuwa yamevunjika nusu, bawaba zimeanza kung'oka ndani ya balsa, na pembe imepata ufa usioonekana kwa macho.

Kabla ya kuruka kwa mara ya kwanza

Gurudumu la mkia nalo huunganishwa na usukani, na kwenye Super Cub halisi hufanywa kwa springi mbili. Fuata hivyohivyo. Gurudumu likipiga jiwe, springi inapokea pigo badala ya meno ya sevo.

Simama nyuma ya ndege, sio mbele, kisha vuta stiki ya eleveta kuelekea tumboni kwako: eleveta zote mbili zipande. Stiki ya usukani kulia: ukingo wa nyuma wa usukani uende kulia. Ndege nyingi mpya zimeanguka sekunde chache baada ya kuruka kwa sababu mwenye nayo alihakikisha kwamba vitu vinasogea bila kuhakikisha vinasogea upande gani. Kisha shika ukingo wa nyuma wa kila kipande kwa vidole viwili, rimoti ikiwa imewashwa, na jaribu kuutikisa taratibu. Usisikie kidoko chochote. Ukisikia, fuata kwa mkono mwingine kutoka pembe hadi jointi hadi mkono wa sevo mpaka upate kinachocheza, ukibadilishe.

Baada ya safari ya kwanza fanya hivyohivyo tena, na pima mkazo wa kebo upya. Vibomba vya shaba hujipanga, nailoni ya nati huzoea, na mbao mpya chini ya skrubu hubonyea kidogo. Kebo ya usukani karibu kila mara itahitaji nusu mzunguko wa skrubu ya kukazia.